Sampuli 24 nusura zinikosanishe na rafiki

Najua nimepotea siku nyingi, kazi imenibana, na wale wanaongoja sehemu ya pili ya makala yangu ya hifadhidata wanisamehe, itakuja. Leo nataka kuwasimulia kisa kilichonitia aibu. Kinahusu CD moja ya zamani ya mchezo wa kompyuta, mjomba wangu wa Mombasa, na jamaa mmoja wa Kisumu ambaye nilimwita mwongo ilhali hakuwa amesema uongo wowote. Kuna hesabu ndani yake lakini si ngumu. Kama unajua kujumlisha, kutoa na kugawa kwa 4, utanifuata mpaka mwisho.

CD yenyewe ni ya Quake, mchezo uliotolewa na id Software mwaka 1996. Muziki wake ni wa Trent Reznor na kundi lake la Nine Inch Nails, na haukuwekwa kama faili za kawaida ndani ya mchezo. Traki ya 1 ya CD hiyo ni data, yaani mchezo wenyewe. Traki za 2 hadi 11 ni muziki mtupu, sawasawa na CD ya msanii yeyote. Mchezo ukiingia hatua fulani, unaiambia draivu, "cheza traki namba fulani," basi. CD za namna hii huitwa CD mseto, na miaka ile ya tisini zilikuwa nyingi.

Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi za uwakala wa forodha bandarini. CD hiyo aliinunua kwa baharia mwaka 1997, mwaka niliozaliwa mimi. Nilipokuwa na miaka saba hivi nilipelekwa Mombasa likizo ya Desemba, na mjomba alikuwa na mazoea ya kuiweka kwenye redio kubwa ya sebuleni jioni. "Anza na namba mbili," alikuwa akinionya, "namba moja itaniharibia spika." Siku moja nilikaidi. Traki ya 1 ikichezwa kama wimbo hutoa kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati. Nilikaripiwa, nikajua kwamba ndani ya CD hiyo kuna kitu ambacho si muziki. Kwa hiyo muziki wa Quake niliujua miaka mingi kabla ya kuuona mchezo wenyewe, na ukiniuliza nilianzaje kupenda kompyuta, nitakutajia redio ile.

Agosti 2024 nilienda kumtembelea. Alikuwa akihama, anaingia nyumba ndogo zaidi, na vitu vimejaa maboksi mpaka mlangoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri, shika boksi hilo. Vyote vya humo ni vya kutupwa, lakini ile sahani yako ya kelele nimekuwekea."

Nilipoitoa kwenye kasha na kuinua kuelekea dirishani, niliona vitobo vidogo vya mwanga upande wa nje, kama mtu ameidunga kwa sindano. Wanaokusanya CD wanajua maana yake. Tabaka la alumini linalorudisha mwanga wa leza limeanza kuliwa. Vanishi iliyo juu yake ikipata ufa, hewa na unyevu huingia, na sihitaji kumweleza mtu yeyote aliyewahi kuishi Mombasa habari za unyevu na chumvi. Vitobo haviponi, vinaongezeka tu. Nikamwomba mjomba aniruhusu niende nayo Nairobi niinakili yote kabla haijaoza.

"Chukua," akasema. "Lakini nataka niisikie tena kama ilivyokuwa. Si nusu."

Nikaahidi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo kwa nini kunakili CD si kama kunakili faili kutoka flashi. CD ya muziki haina faili. Ni msururu mmoja mrefu wa sampuli za sauti, sampuli 44,100 kila sekunde, na kila sampuli ni baiti 4: mbili za spika ya kushoto, mbili za kulia. Msururu huo umekatwa vipande viitwavyo sekta, sekta 75 kwa sekunde. Gawa 44,100 kwa 75 utapata sampuli 588 kwa kila sekta, yaani baiti 2352. Kumbuka hiyo 2352, itarudi.

Draivu hujuaje iko wapi katika msururu huo? Mwanzoni mwa CD kuna orodha inayosema kila traki inaanzia wapi. Pia, sambamba na sauti, kuna njia ndogo ya pembeni iitwayo chaneli Q. Kila sekta ina baiti 12 za Q, na humo kumeandikwa namba ya traki, namba ya faharisi, muda ndani ya traki, muda tangu mwanzo wa CD, na mwishoni hesabu ya kuhakiki. Ile saa inayohesabu kwenye kioo cha redio yako inatoka huko.

Kuna mambo mawili ambayo orodha ya mwanzo haikwambii, na yote mawili yaliniangusha.

La kwanza ni mapengo. Kati ya traki moja na nyingine mara nyingi kuna pengo, na orodha haina habari nalo kabisa. Inakwambia wimbo unaanzia wapi, haikwambii pengo lililo mbele yake linaanzia wapi. Habari hiyo iko kwenye chaneli Q peke yake: ndani ya pengo faharisi huwa 00 na muda wa traki huhesabu kurudi nyuma hadi sifuri, kisha wimbo ukianza faharisi inakuwa 01. Umewahi kuona redio ya CD ikionyesha sekunde zenye alama ya kutoa kabla ya wimbo? Hilo ndilo pengo. Kati ya data na traki ya kwanza ya muziki kawaida ni sekunde 2, yaani sekta 150.

La pili ni ofseti. Ukimwambia draivu "nipe sekta ya 5000 ya muziki," haikupi kuanzia mwanzo kamili wa sekta hiyo. Ndani ya draivu, sauti na chaneli Q hupita njia tofauti na kufika kwa nyakati tofauti, na kila mtengenezaji alizipatanisha alivyoona inafaa. Matokeo yake kila modeli ya draivu hukosea kwa kiasi chake kisichobadilika. Hiyo ndiyo ofseti ya usomaji, na wapenzi wa programu kama Exact Audio Copy walishakusanya orodha ndefu za draivu na ofseti zake. Sikio halitambui kitu, lakini faili inatambua.

Nikarudi kwa CD ya mjomba. Draivu niliyokuwa nayo nyumbani ofseti yake ni +6. Nikaiweka kwenye programu, nikanakili, nikapata faili 11. Traki ya 11, ile ya nje kabisa, ilisumbua kama nilivyohofia. Zile nyingine zilipita. Nikapiga heshi za SHA-1. Kwa wasiojua, heshi ni kama alama ya kidole ya faili: ukibadilisha biti moja tu, alama yote inageuka.

Mtu anayehifadhi CD haiamini nakala yake hadi mtu mwingine, mwenye CD nyingine na draivu nyingine, apate heshi zile zile. Mradi wa Redump, ambao wajitolea wake wamekuwa wakirekodi heshi za diski za michezo kwa miaka mingi, umejengwa juu ya wazo hilo. Mimi nilitaka shahidi wa karibu. Katika kikundi chetu cha wapenzi wa michezo ya zamani kulikuwa na jamaa wa Kisumu mwenye Quake. Yake aliipata soko la Kibuye kwa muuza mitumba ya vifaa vya umeme, bila boksi. Nikamwomba anakili, akanakili usiku ule ule, akanitumia heshi.

Hakuna hata moja iliyofanana na yangu. Kati ya 11, sifuri.

Tena si hilo tu. Pengo kabla ya traki ya 2, yeye alipata sekunde 2 kamili. Mimi nilipata sekunde 1 na sekta 74. Na faili yake ya data ilikuwa fupi kuliko yangu.

Hapa ndipo nilipofanya upumbavu. Mimi nilikuwa na CD iliyotoka mkononi mwa mjomba wangu, iliyonunuliwa mwaka 1997. Yeye alikuwa na CD ya mitumba isiyo na boksi. Nikaandika pale pale kikundini, mbele ya watu: "Ndugu, hiyo yako ni ya kuchoma. Kuna mtu wa saiba alikunakilia akakosea hata mapengo. Usitupotezee wakati na bandia."

Alinijibu kwa upole. Alituma picha ya upande wa chini wa diski, na ilikuwa ya fedha safi, bila ule ukijani au ubuluu unaouona kwenye CD nyingi za kuchoma. Sikuitazama vizuri. Nikajibu kwamba picha hazina heshi. Akaandika mara ya mwisho: "Ndugu yangu, nimekutumia nilichokisoma kwenye diski. Sikuongeza wala kupunguza. Kama unaniona mwongo, basi." Akatoka kikundini.

Siku tatu nilijiona nina haki. Siku ya nne nilikuwa nikiandaa maelezo ya kuthibitisha kwamba yake ni mbovu, na kama ilivyo kwa maprogramu wengi, nilitaka kuonyesha mfano wa kosa. Nikatazama tofauti ya urefu wa faili zetu za data. Yangu ilizidi yake kwa baiti 2352. Si 2300, si 2400. Sekta moja kamili.

Nikaifungua faili yangu kwa kionyeshi cha baiti. Sasa, kila sekta ya data huanza na alama ya baiti 12 zisizobadilika: 00, kisha FF mara kumi, kisha 00. Baada yake kuna kichwa cha baiti 4: dakika, sekunde, namba ya sekta, na aina. Halafu baiti 2048 za data yenyewe, na 288 zinazobaki ni za kugundua na kusahihisha makosa. Jumlisha upate 2352. Nikashuka hadi mwisho wa faili. Sekta zote zilianza na alama hiyo isipokuwa ya mwisho kabisa. Ile ilikuwa sifuri tupu. Programu ilishindwa kuisoma kama data, ikaijaza sifuri, nami sikusoma onyo lake.

Yaani haikuwa data. Ilikuwa sekta ya kwanza ya pengo. Draivu yangu ilikuwa ikiripoti Q ya sekta jirani, kwa hiyo ikachelewa sekta moja kuona kwamba pengo limeanza, ikapata 149 badala ya 150. Kumbe hili ni kosa linalojulikana. Ukiona pengo la sekunde 1 na sekta 74, jambo la kwanza ni kuishuku draivu yako. Isitoshe chaneli Q haina kinga kali ya kusahihisha makosa iliyo nayo sauti. Ina ile hesabu ya kuhakiki tu, inayokwambia kwamba baiti zimeharibika bila kukuwezesha kuzirudisha. Kwenye diski iliyoanza kuoza lazima usome pengo mara kadhaa, ikiwezekana kwa draivu mbili.

Nikaikata sekta hiyo kutoka kwenye data nikairudisha mwanzoni mwa traki ya 2, nikaisoma upya kama sauti. Nikapiga heshi ya data. Ikafanana na ya jamaa wa Kisumu, herufi kwa herufi.

Nilikaa kimya muda mrefu mbele ya skrini.

Lakini traki za muziki bado zilitofautiana zote, na moyo wa mtu ni mgumu. Nikajiambia labda data ni halisi, muziki ndio umechakachuliwa. Nikafungua traki yangu ya 2. Mwanzo wa pengo ungetarajia kimya, yaani sifuri. Yangu ilianza na baiti 48 za takataka, kisha ndipo sifuri zikafuata. Ya kwake, alikuwa amenitumia kipande kabla ya kuondoka, ilianza na sifuri moja kwa moja.

Nikaandika kiprogramu cha mistari kama thelathini. Kinachukua kipande chake na changu cha wimbo ule ule, kinakitelezesha kimoja juu ya kingine sampuli moja moja, na kila hatua kinahesabu ngapi zinafanana. Ni kama kuweka karatasi mbili za kaboni dirishani na kusogeza moja mpaka maandishi yalingane. Hatua 0, hakuna. Hatua 1, hakuna. Kilipofika 24, kila sampuli ililingana na mwenzake.

Sampuli 24. Gawa kwa 44,100 upate kama nusu ya elfu moja ya sekunde. Muziki ulikuwa ule ule, hakuna biti iliyoongezwa wala kupunguzwa, kama alivyosema. Umesogea tu. Lakini kwa heshi, faili iliyosogea sampuli 24 ni faili nyingine kabisa.

Kwa nini isogee, ikiwa sote tulikuwa tumeweka ofseti za usomaji za draivu zetu? Kwa sababu kuna ofseti nyingine, na hii iko kwenye diski yenyewe. Wakati wa kutengeneza CD, mashine iliyoandika nakala mama nayo ilikuwa na makosa yake ya kupatanisha sauti na Q. Kosa hilo linagandishwa ndani ya kila diski iliyopigwa chapa kutoka kwa nakala mama hiyo. Hiyo ndiyo ofseti ya uandishi. Mchezo ule ule ukipigwa chapa mara ya pili kutoka kwa nakala mama nyingine, ofseti inaweza kubadilika. CD ikinakiliwa kwenda nyingine bila kusahihisha, ofseti hujumlishwa juu ya ofseti. Kwa hiyo diski mbili halisi zinaweza kutofautiana, na tofauti hiyo peke yake si ushahidi wa bandia.

Swali likabaki: kati yangu na yeye, nani yuko mahali sahihi? CD ya muziki mtupu ingetuacha gizani, maana ndani ya sauti hakuna alama inayosema "mimi ni mwanzo wa sekta." CD mseto ina bahati. Ile traki ya data ina alama ya baiti 12 na kichwa chenye anwani. Ukiisoma data kana kwamba ni muziki, draivu inakupa ikiwa imesogea kwa kiasi kile kile inachosogeza muziki, na unaweza kuona kwa macho alama imeangukia wapi.

Shida ni kwamba draivu nyingi hukataa kusoma data kama muziki. Yangu ilikataa. Nikazunguka kwa mafundi wa kompyuta kuukuu hadi nikapata Plextor ya zamani, aina inayokubali, na ofseti yake ya usomaji ni +30. Nikaagiza sekta ya kwanza ya CD, ambayo anwani yake ni dakika 00, sekunde 02, sekta 00, kama muziki. Nikaitafuta alama. Ilikuwa baiti ya 168 kutoka mwanzo. Baada yake nikakuta 01 82 00 61. Hizi ndizo baiti za kichwa zikiwa zimekorogwa, kwa kuwa data yote kwenye CD, isipokuwa ile alama ya baiti 12, hukorogwa kwa mfululizo maalumu wa namba ili kusiwe na marudio yanayoisumbua leza. Mfululizo huo huanza na 01 80 00 60. Fanya XOR, unapata 00 02 00 01, yaani anwani ile ile niliyoagiza, na aina ya 1. Hakuna shaka, ndiyo sekta yenyewe.

Hesabu basi. 168 gawa kwa 4 ni sampuli 42. Hiyo ni jumla ya ofseti mbili, ya draivu na ya diski. Toa 30 za draivu, zinabaki +12. Diski ya mjomba ina ofseti ya uandishi ya +12. Na zile baiti 48 za takataka mwanzoni mwa pengo langu? Gawa kwa 4 upate 12. Zilikuwa mkia wa data uliomwagikia ndani ya muziki. Mashahidi wawili, jibu moja.

Na kama yangu ni +12 na tofauti yetu ni 24, basi yake ni −12. Yeye amekosea upande mmoja kwa kiasi kile kile nilichokosea mimi upande wa pili. Mimi niliyemwita bandia sikuwa karibu na ukweli kuliko yeye hata kwa sampuli moja.

Nilimpigia simu jioni hiyo. Nilitaka kumtumia ujumbe, nikaona ujumbe ndio ulionifikisha hapo. Nikamwambia nimekosa, nikamweleza sekta moja na sampuli 24. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo kosa la pengo lilikuwa la draivu yako?" Nikasema ndiyo. Akacheka. "Hilo liandike kule kule uliponiandika mimi." Nikaliandika, akarudi kikundini. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya. Aliifunga diski yake kwa gazeti na kadibodi, akaituma Nairobi kwa basi la usiku ili niipime kwenye Plextor.

Alama yake ilianguka baiti ya 72. Sampuli 18. Toa 30: −12.

Nikazinakili zote mbili upya, kila moja kwa ofseti yake, pengo la sekta 150 likiwekwa mwanzoni mwa traki ya 2. Mwishoni kabisa mwa CD kuna kero nyingine. Ukisogeza usomaji mbele, sampuli chache za mwisho ziko nje ya muziki, kwenye ukanda wa kufungia CD, na draivu nyingi hukataa kuingia huko. Plextor iliingia, nikakuta kimya. Nikapiga heshi. Data sawa. Traki ya 2 sawa. Ya 3 sawa. Mpaka ya 10, zote sawa. Diski iliyotoka kwa baharia na diski ya mitumba ya Kibuye.

Ikabaki ya 11. Kwenye diski ya mjomba sekta 212 hazikusomeka, hata baada ya kurudia kwa kasi ndogo mara nyingi. Vitobo vilikuwa vimeshinda. Diski ya Kisumu ilisoma traki yote bila kosa. Nikalinganisha sekta moja moja: kila sekta iliyosomeka kwangu ilikuwa sawa na yake, baiti kwa baiti. Zile 212 nikazichukua kwake. Katika maelezo ya nakala nimeandika wazi kwamba hizo zina shahidi mmoja tu, na kama una Quake ya mwaka 1996 droo fulani, nakuomba uwe wa pili.

Fikiria kama ningeendelea kuona nina haki. Ningekuwa na data yenye sekta isiyo yake, muziki unaoanza na takataka, na wimbo wa mwisho wenye matobo. Mtu pekee niliyemjua aliyekuwa na kiraka angekuwa ameniblokia.

Chuo tulifundishwa kwamba heshi zikitofautiana, faili ni tofauti. Ni kweli. Hatukufundishwa kuuliza tofauti kiasi gani, na upande gani. Siku hizi, kabla ya kusema nakala ya mtu ni mbovu, natazama mambo matatu: urefu wa faili unatofautiana kwa kizidishio cha 2352? Pengo langu limepimwa kwa draivu zaidi ya moja? Nikitelezesha faili moja juu ya nyingine, zinalingana popote? Yote matatu huchukua muda mfupi kuliko kuomba msamaha.

Desemba nilirudi Mombasa nikiwa na diski mpya niliyoichoma kutoka kwenye nakala ile, pamoja na ile ya zamani. Mjomba aliweka mpya kwenye redio, ambayo nayo amehama nayo. Akabonyeza namba mbili bila kuniuliza. Tukasikiliza mpaka ya 11 ikaisha.

"Haikukatika," akasema.

"Kipande cha mwisho kimetoka Kisumu, mjomba."

"Basi mpe salamu huyo wa Kisumu."

Nimempa. Haya, kwa leo naishia hapa. Kama una CD za zamani nyumbani ziinue dirishani leo, usingoje kesho. Na sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja, safari hii kweli.